Rimoti ya darubini yako inadhani bado iko Uingereza

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya bweni, nje kidogo ya mji wa Iringa. Mdogo wangu anayeishi Leicester, Uingereza, ametuletea darubini, Celestron NexStar 130SLT. Aliijaribu kwanza uwani kwake, ikafanya kazi vizuri, ndipo akaifunga. Tarehe 5/7 niliwatoa wanafunzi wa kidato cha tatu uwanjani. Niliwasha rimoti, nikaandika saa 2:15 na tarehe 5/7, mengine nikayaacha kama yalivyokuwa. Nilijaribu SkyAlign, njia mojawapo ya kuilinganisha darubini na anga, mara tatu, ikagoma. Nikachagua One-Star Align, njia ya kulinganisha kwa nyota moja, nikaiweka nyota ya Arcturus katikati, ikaandika Success. Nilipoiambia iende kwenye nyota ya Antares, bomba la darubini likashuka na kulielekea paa la bweni, ilhali Antares iko juu upande wa mashariki na kila mtoto anaiona. Nilipoomba Alpha Centauri, ikasema iko chini ya upeo wa macho! Hata Arcturus yenyewe ilikuwa inatoroka kwenye lenzi huku mota inasikika ikizunguka. Je, rimoti imeharibika safarini? Niirudishe?

Jibu: Usiirudishe, Mwalimu. Rimoti yako ni nzima, na usiku ule haikukosea hata hatua moja. Ila yenyewe ilijua iko Leicester, ni saa nane na robo usiku, tarehe 7 Mei, na Waingereza wameshasogeza saa zao mbele kwa ajili ya kiangazi. Ndivyo ulivyoiambia.

Wengi wanaoletewa darubini za aina hii hudhani ndani yake mna kitu kinachotazama anga. Hakuna. Hiyo ya kwako haina kamera, haina GPS, wala haina saa inayoendelea kutembea ukishazima umeme. Ni kikokotoo chenye mota mbili, moja ya kulizungusha bomba kushoto na kulia, nyingine ya kuliinua na kulishusha. Kikokotoo kina orodha ya vitu zaidi ya 4,000, na kila kitu kina anwani yake angani. Kinachobaki ni kujua darubini imesimama wapi duniani, na dunia imezunguka kiasi gani kufikia dakika hiyo. Ukiipa mahali na wakati sahihi, hesabu inakupeleka kwenye nyota. Ukiipa mahali pengine, inapiga hesabu ileile kwa uhakika uleule na kukupeleka kwenye paa la bweni.

Kosa la saa ni la kwetu sisi tunaohesabu kwa Kiswahili, na nimewaona watu makini wakilifanya. Mimi mwenyewe nililifanya usiku wangu wa kwanza, na mchana kutwa nilikuwa nimeshinda ofisini nikiandika saa za Kizungu bila shida. Gizani, watu wamekuzunguka, mkono unaandika saa unayoiwaza. Saa mbili na robo usiku kwa rimoti ni 8:15 PM, au 20:15. Ulipoandika 2:15, yenyewe ilielewa saa nane na robo, usiku wa manane. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, kwa hiyo saa sita ni digrii 90, yaani nyota iliyo utosini rimoti inaweza kuihesabu kuwa iko kwenye upeo wa macho. Na angalia jambo jingine linalofanana na hilo: kwa rimoti tarehe hubadilika saa sita usiku. Mkikesha hadi saa saba na kulazimika kuanza upya, andika tarehe ya kesho.

Tarehe nayo huandikwa Kimarekani, mwezi kwanza. Tarehe 5/7 yako ikawa 7 Mei. Kama mngetoka uwanjani tarehe 13, rimoti ingekukatalia kwa sababu hakuna mwezi wa 13, nawe ungeshtuka palepale. Siku 12 za mwanzo wa mwezi ndizo zinazopita kimyakimya. Anga la saa ileile husogea karibu digrii moja kila siku, na kati ya 7 Mei na 5 Julai kuna siku 59. Hilo ni kosa la digrii 58 hivi, juu ya lile la saa.

Halafu yale “mengine” uliyoyaacha. Rimoti haihifadhi saa, lakini mahali ilipotumiwa mara ya mwisho inapakumbuka. Mdogo wako alipoijaribu uwani kwake, iliweka latitudo ya digrii 52 kaskazini, kanda ya saa ya Greenwich na saa za kiangazi. Vyote hivyo vimesafiri na darubini hadi Iringa.

Sasa zitazame dalili zako upya. Alpha Centauri iko kusini sana kiasi kwamba mtu wa Leicester haioni usiku wowote wa maisha yake, kwa hiyo rimoti ilisema kweli. Antares huko hupita chini, kiasi cha digrii 11 tu juu ya upeo wa macho, ndiyo maana bomba lilishuka. Na Arcturus ilitoroka kwa sababu inayowapendeza sana wanafunzi wa fizikia: Uingereza unaitazama ukiwa umeelekea kusini, nayo inakwenda kutoka kushoto kuja kulia. Iringa unaitazama ukielekea kaskazini, nayo inakwenda kulia kuja kushoto. Mota ilikuwa inaifuata nyota kwa bidii, kinyumenyume. Kama ungeizima kabisa, Arcturus ingekaa kwenye lenzi muda mrefu zaidi.

Lile neno Success lisikusumbue. Katika One-Star Align rimoti haina kitu cha kulinganisha. Umeiambia “hii ni Arcturus”, ikakubali, mambo mengine yote ikayachukua kwenye saa, tarehe na mahali ulipoiandikia. Hata ungeielekeza kwenye taa ya mlinzi na kuiita Arcturus, ingeandika Success. SkyAlign iliyokugomea ndiyo iliyokuwa ikikwambia ukweli. Hiyo hupewa vitu vitatu ving’avu bila majina, ikapima pembe kati yake na kutafuta ni vipi kwa saa hiyo na mahali hapo. Haikuona vinavyolingana na anga la Leicester la mwezi Mei, ikakataa.

Kwa hiyo tuanze upya, na tuanze jua likiwa bado halijazama. Isimamishe stendi mahali pagumu, uitandaze sawa kwa pima maji. Kisha weka lenzi ya milimita 25, utafute kitu cha mbali kisichosogea. Mnara wa simu kwenye kilima cha kilomita mbili tatu unafaa sana. Uweke katikati ya lenzi, halafu kaza skrubu za kile kitafutaji chenye nukta nyekundu mpaka nukta ikae juu ya mnara uleule. Usiku huwezi kufanya kazi hii vizuri, kwa sababu nyota haikusubiri. Na ukimaliza kizime. Betri yake bapa, kama ya saa, huisha ukikisahau kinawaka.

Washa rimoti, bonyeza Enter. Itakuonyesha taarifa inazozikumbuka. Kitufe cha 6 na cha 9 vina alama za kupanda na kushuka, vitumie kuzisoma moja baada ya nyingine. Usibonyeze Enter kwa mazoea. Bonyeza Undo kwenye kila iliyo na kosa, uiandike upya. Mahali, chagua Custom Site. Simu ikikuonyesha Iringa ni −7.77 na 35.69, hizo ni desimali, na rimoti inataka digrii na dakika. Zidisha ile 0.77 kwa 60 upate 46, na 0.69 kwa 60 upate 41. Utaandika 7°46′ S na 35°41′ E. Herufi ya S iangalie mara mbili, maana ndiyo inayoamua anga lako litazunguka upande gani. Ukikosea dakika moja au mbili usijali: dakika moja ya latitudo haifiki hata kilomita mbili. Kwenye saa za kiangazi chagua Standard, sisi hatusogezi saa. Kanda ni saa 3 mbele ya Greenwich. Kabla ya saa sita usiku, saa ni ya Kiswahili ukiongeza sita, kisha PM. Tarehe, mwezi mbele. Mimi nimeyaandika haya kwenye kipande cha plasta nyeupe na kukibandika mgongoni mwa rimoti, na bado huwa nakisoma.

Achana na One-Star Align kwa sasa. Tumia Auto Two-Star Align. Wewe unachagua nyota ya kwanza na kuielekezea, kisha rimoti inachagua ya pili na kulipeleka bomba yenyewe. Hapo ndipo utajua kama taarifa zako ni sahihi: ikitua karibu na nyota ya pili, umepatia, ikienda paani, simama, rudi kwenye saa na tarehe. Kama nyota iliyochagua imefichwa na mwembe, bonyeza Undo ikupe nyingine. Ikishapata nyota mbili ina kitu cha kupima. Kati ya Arcturus na Alpha Centauri, kwa mfano, kuna kama digrii 80. Ukiiwekea nyota isiyo yenyewe pembe haitatimia, itagoma, na hapo kugoma ni faida.

Kwa Julai, saa mbili usiku, hizo mbili ndizo ningezichagua mimi ukiwa Iringa. Arcturus iko kaskazini, juu kiasi cha digrii 63, ina rangi ya machungwa. Alpha Centauri iko kusini, juu kiasi cha digrii 37. Kwenye majina ya nyota itafute kwa jina lake rasmi, Rigil Kentaurus. Usiichanganye na jirani yake Hadar: zote mbili zinaelekeza kwenye Msalaba wa Kusini, lakini Hadar ndiyo iliyo karibu zaidi na Msalaba, na Rigil ndiyo inayong’aa zaidi.

Majina haya, kwa njia, yasikutishe kwa sababu yako kwenye mashine ya Kimarekani. Mengi yametoka kwenye Kiarabu, na msomaji wa Pwani atayakuta yana sauti za nyumbani. Rigil na Rigel ni mguu. Deneb ni mkia. Fomalhaut ni mdomo wa samaki, yaani hut. Achernar ni mwisho wa mto. Wape majina haya wanafunzi wa dini waliokariri Kiarabu kidogo, watakufafanulia na mengine.

Kuna jambo ambalo maelekezo mengi ya darubini hizi hayalisemi, kwa kuwa waandishi wake wanaishi kaskazini ya mbali. Yanakuambia uanze na Polaris, nyota ya kaskazini. Kwako Iringa Polaris iko chini ya ardhi, usiitafute. Ila jambo kubwa zaidi ni utosini. Stendi ya namna hii hugeuka kushoto-kulia na juu-chini, na kitu kikifika karibu na utosi mota ya kushoto-kulia hulazimika kuzunguka haraka sana ili kukifuata. Wakati huohuo, kosa dogo la kuweka katikati hugeuka kosa kubwa la mwelekeo. Kwa mtu wa Ulaya utosini hakuna mengi anayoyatamani. Kwetu ndiko kila kitu kizuri kinakopita: Mwezi, Zohali, Mshtarii, Kilimia kikiwa juu kiasi, kundi zima la Orion. Rigel, mguu wa Orion, ina anwani ya digrii 8 na dakika 12 kusini ya ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Wewe uko digrii 7 na dakika 46. Maana yake Januari jioni Rigel inapita juu ya kichwa chako, chini ya nusu digrii kutoka utosini, upana wa Mwezi mpevu. Ndiyo nyota ambayo mtu yeyote angeichagua kwa kung’aa, na kwako ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii. Sirius na Spica nazo hupita juu mno. Chukua nyota zilizo kati ya digrii 30 na 65 juu ya upeo wa macho, zikiwa mbali moja na nyingine, na ukitaka kuonyesha kitu kilicho utosini, subiri saa moja na nusu kiteremke kidogo.

Kuweka nyota katikati kuna ufundi wake. Anza na lenzi ya milimita 25, ambayo kwenye bomba lako la milimita 650 inakuza mara 26 na kukuonyesha upana wa kama digrii 2 za anga. Ukishaipata nyota, badilisha uweke ya milimita 9, mara 72. Kisha fanya kitu kinachoonekana cha kijinga: zungusha gurudumu dogo la kurekebisha uwazi wa picha mpaka nyota ivurugike. Itapanuka kuwa duara la mwanga lenye tundu jeusi katikati, kama andazi la tundu. Kuona kama duara kubwa liko katikati ya lenzi ni rahisi kuliko kuona kama nukta iko katikati. Punguza mwendo wa mota kwa kitufe cha Motor Speed (9 ndio wa kasi, 3 au 4 unatosha hapa), na hatua zako za mwisho ziwe za mshale wa juu na mshale wa kulia tu. Meno ya gia hayabanani kabisa, kuna nafasi katikati yake, na ukimalizia kila nyota kwa mishale hiyohiyo gia hukaa upande uleule kila mara. Ukipitiliza, rudi nyuma kabisa, uje tena kwa mishale hiyo miwili. Align inabonyezwa baada ya hapo.

Kuanzia hapo mkono wa mtu usiguse bomba. Hili kwa watoto ni gumu, nalijua. Rimoti inajua bomba liko wapi kwa kuhesabu mizunguko ya mota, basi. Mtoto akiligusa bomba kwa bega, au akiishika stendi ili asianguke, bomba limesogea na mota haikuzunguka, kwa hiyo rimoti haina habari. Bado itakuambia imefika Antares. Weka kiti kidogo cha wafupi, na chora mduara wa chokaa kuizunguka miguu ya stendi. Ikisogezwa, hakuna njia ya kubembeleza: anza kulinganisha upya.

Umeme. Betri 8 za AA zinazoingia kwenye stendi huisha upesi, na zinapoelekea kuisha haziagi. Taa ya rimoti inabaki inawaka, lakini mota inapobeba uzito volti zinaanguka, bomba linaanza kukimbia lenyewe au rimoti inajiwasha upya, na mwalimu anadhani amekosea tena menyu. Shule yenye betri ya sola ya volti 12 iitumie hiyo, kwa waya wenye fyuzi. Plagi yake ni ya duara, chanya katikati, na hili lipime kwa mita kabla hujachomeka. Mimi niliuziwa adapta iliyoandikwa volti 12 na ikawa kweli ni 12, ila hasi ndiyo ilikuwa katikati. Harufu ile ya plastiki bado naikumbuka, na ubao wa ndani sikuupata tena. Ampea 2 zinatosha.

Jua halimo kwenye orodha ya rimoti mpaka ulifungue mwenyewe kwenye menyu. Liache lifungiwe hivyohivyo, na mchana darubini ikae ndani. Jicho likitazama Jua kwa bomba la milimita 130 halirudi.

Mkishalinganisha vizuri, waombee watoto ile Alpha Centauri iliyokataliwa. Kwa lenzi ya 9 wataona kwamba ni nyota mbili zilizokaa bega kwa bega. Halafu bonyeza Deep Sky, chagua NGC (orodha ya makundi ya nyota na vitu vingine vya mbali angani), andika 5139. Hiyo ni Omega Centauri, mpira wa nyota zinazokadiriwa kufika milioni 10, ulio umbali wa miaka ya mwanga kama 17,000, na Leicester hauchomozi kabisa. Anza na lenzi ya 25. Wa kwanza kuchungulia atasema anaona ukungu tu. Mwambie asiukodolee macho, atazame pembeni kidogo, na ukungu utaanza kuchambuka punje punje. Mpe kila mtoto dakika nzima, mikono ikiwa mgongoni.